Mbwa anayekohoa abaki nyumbani

Foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ni mahali pazuri sana pa mbwa kuambukizana kikohozi. Nasema hivyo nikiwa mtetezi wa foleni hiyo, kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya. Kila mwaka, hasa Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inapokaribia, maofisa mifugo hupanga meza chini ya mti karibu na shule au ofisi ya kijiji, na watoto huja wakiburuta mbwa kwa kamba za katani, vipande vya kanga na nyaya za umeme. Mbwa waliozoea kubwekeana kwa mbali wanajikuta pua kwa pua, wakinusana, wakitishiana na kupigiana chafya. Kadi zinaandikwa, sindano zinachomwa, watu wanarudi makwao wakiwa wamefanya jambo la maana. Hakuna aliyeuliza kama yule mbwa wa kahawia mwenye makamasi na tongotongo alistahili kuwa pale siku ile.

Swali hilo haliulizwi kwa sababu kwetu mbwa anatambulika kwa ugonjwa mmoja tu. Kichaa kinaua binadamu, watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani kote kwa makadirio yanayotumika sana, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao ni watoto. Mengine yote yanaingia kwenye fungu moja: mbwa anaumwa. Na mbwa akiumwa huachwa apone au afe.

Ndani ya fungu hilo mna magonjwa ambayo kila mzazi anawafahamu ndugu zake. Kikohozi cha mabanda, ule ugonjwa unaomfanya mbwa akohoe kwa mkwaruzo hadi mwenye mbwa amwingize vidole kinywani akidhani amekwamwa na mfupa, mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica. Huyu ni wa ukoo mmoja na bakteria wa kifaduro. Wakati mwingine huandamana na virusi vya parainfluenza au vya adeno aina ya pili, na wakifika kwa pamoja mbwa anazidiwa. Distempa, ambayo ndiyo muuaji, husababishwa na virusi vya familia moja na surua. Kifaduro na surua, magonjwa yote mawili ambayo mama anayempeleka mtoto kliniki anayakuta kwenye kadi yake. Ujuzi tunao, umeishia kwa watoto tu.

Distempa inastahili maelezo marefu kidogo, maana watu wengi wameiona bila kujua wameona nini. Huanza kama mafua: homa, macho kutoka uchafu, makamasi mazito, kikohozi, mbwa kukataa ugali. Hufuata kutapika na kuharisha. Kisha mbwa anaweza kupata nafuu, mwenye mbwa akashukuru, na wiki kadhaa baadaye akaanza kutafuna hewa, kutetemeka shingo, kuzunguka duara na kuanguka kifafa. Hapo ndipo kijiji kinapiga kelele za kichaa na kuchukua marungu. Wakati mwingine ni kichaa kweli, na kwa macho peke yake hakuna anayeweza kutofautisha, kwa hiyo silaumu marungu na sishauri mtu yeyote amsogelee mbwa wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mbwa yule alikuwa akikohoa hadharani kwa muda mrefu kabla ya marungu, na muda wote huo alikuwa akiwagawia wenzake. Mbwa mwenye distempa anaweza kuendelea kutoa virusi kwa miezi miwili au mitatu.

Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Sindano ya oksitetrasaiklini kutoka duka la pembejeo, ambayo ndiyo jibu la kwanza la wengi wetu kwa mnyama yeyote anayeumwa, haigusi kirusi chochote. Inaweza kusaidia bakteria wakivamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika, na hilo ni la daktari wa mifugo kuamua. Lakini kwa mbwa wa jirani sindano hiyo haina maana kabisa. Mbwa wa jirani anaokolewa na mambo mawili: chanjo aliyopata kabla, na uamuzi wa mwenye mbwa mgonjwa kumfungia ndani ya ua wake.

Uamuzi huo wa kumfungia ndio ninaoutetea leo, kwa sababu hauna gharama na hatuufanyi. Kwenye foleni ya chanjo unafanyika hivi: mtu mmoja asimame hatua ishirini kabla ya meza na kutazama pua na macho. Mbwa mwenye makamasi au kikohozi arudishwe nyumbani palepale, jina la mwenye nyumba liandikwe, na mchanjaji amfuate jioni kwa sindano yake ya kichaa. Asikoseshwe chanjo hiyo kwa hali yoyote. Mtoto aliyemleta aambiwe kwa upole, maana ametembea na mbwa anayevuta kamba kilomita mbili kwenye jua na hana kosa: "Mwanangu, mrudishe, mfunge kivulini, mpe maji, bakuli lake lisitumiwe na mwingine. Tunakuja kwenu." Ajabu ni kwamba kwa kuku jambo hili tunalijua vizuri. Mdondo ukiingia mtaani hakuna mama anayekubali kuku wa mgeni avuke ua wake.

Wapo watakaoniambia kwamba kirusi hakizuiliwi kwa mtu wa kutazama pua. Ni kweli kwa kiasi fulani, na kisa cha mafua ya mbwa kinaonyesha kiasi gani.

Januari 2004, katika uwanja mmoja wa mashindano ya mbio za mbwa jimboni Florida, Marekani, mbwa 22 aina ya greyhound waliugua ugonjwa wa kupumua na wanane wakafa. Uchunguzi ulikuta virusi vya mafua aina ya H3N8, ambavyo kwa zaidi ya miaka 40 vilikuwa vya farasi. Vilikuwa vimeruka kutoka kwa farasi kwenda kwa mbwa, na kwa kuwa mbwa wa mbio husafirishwa kutoka uwanja hadi uwanja, vikasafiri nao. Miaka 11 baadaye, majira ya machipuko ya 2015, jiji la Chicago na viunga vyake vikakumbwa na mafua mengine, H3N2, yenye asili ya ndege, ambayo kabla ya hapo yalijulikana Korea Kusini na China. Zaidi ya mbwa elfu moja waliugua kwa wiki chache. Mbwa huambukiza mafua haya siku mbili hadi nne baada ya kuyapata, mara nyingi kabla hajakohoa hata mara moja, na anaweza kuendelea kutoa virusi vya H3N2 kwa zaidi ya wiki tatu. Ndiyo maana madaktari huko hutaka mgonjwa atengwe wiki nne. Kumkataa mbwa anayekohoa mlangoni, peke yake, hakutoshi.

Ila kuna upande wa pili wa kisa hicho, nao ndio unaonivutia zaidi. Yale mafua ya kwanza, ya asili ya farasi, yalififia. Wataalamu waliofuatilia mwenendo wake waliona kwamba mbwa wa kawaida, anayeishi na watu wake na kukutana na wachache, hakuwa akiwaambukiza wenzake wa kutosha kuuendeleza ugonjwa. Kilichoufanya uishi ni vituo vikubwa vya kupokea mbwa waliotelekezwa, ambako kila siku huingia wapya wasio na kinga na kutoka wengine. Ugonjwa wa kupumua wa mbwa, basi, unahitaji mahali penye mlango usiotulia. Ukiudhibiti mlango huo umefanya kazi kubwa kuliko kumfukuza kila mbwa koko barabarani.

Milango ya namna hiyo inazidi kuongezeka kwetu. Nairobi, Arusha na Dar es Salaam sasa kuna watu wanaolea mbwa wa wengine kwa malipo wakati wa likizo ya Desemba. Kuna kampuni za ulinzi ambazo gari lao hupakia mbwa jioni, likawagawa malindoni, na kuwakusanya tena alfajiri kuwarudisha kwenye mabanda yaleyale. Kuna wazalishaji wa mbwa wa mbegu za nje wanaouza watoto wa mbwa kupitia makundi ya WhatsApp na kuwasafirisha kwa basi ndani ya maboksi. Sina ugomvi na biashara hizi. Lakini biashara inayoishi kwa kukusanya mbwa wa watu mbalimbali sehemu moja inawajibika kwa hewa ya sehemu hiyo, na sijaona wengi wanaolichukulia hivyo.

Yanayotakiwa hayahitaji shahada. Mbwa mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, mbali kiasi kwamba chafya haimfikii jirani. Mhudumu aanze na wazima, amalizie na wagonjwa, asigeuze njia, na avue ovaroli kabla ya kuondoka upande wa wagonjwa, kwa kuwa virusi vya mafua vinaweza kukaa kwenye nguo hadi siku moja na kwenye vitu vigumu hadi siku mbili. Kila mbwa bakuli lake. Uchafu uondolewe kwa maji na sabuni kwanza, ndipo dawa ya klorini ipite. Kumwaga klorini juu ya kinyesi ni kutupa fedha, na nimeona ikifanyika kwa bidii ya kusikitisha. Jua na hewa tunavyo bure. Kirusi cha distempa ni dhaifu mno nje ya mwili, kinakufa upesi kwa joto, ukavu na sabuni, na inashangaza kwamba katika nchi yenye jua hili bado tunajenga mabanda ya mbwa kama stoo za mkaa, giza tupu na tundu moja la hewa.

Na watoto wa mbwa. Hapa ndipo uongo mwingi unapouzwa. Tangazo linasema "amechanjwa", mnunuzi anatuma fedha, wiki mbili baadaye analia. Aliyeandika tangazo huenda hakudanganya, mtoto alichomwa sindano moja akiwa na wiki sita. Tatizo ni kwamba mtoto wa mbwa huzaliwa na kunyonya kinga ya mama kwenye maziwa ya mwanzo, na kinga hiyo, ikiwa bado ina nguvu, huizuia chanjo isifanye kazi. Hupungua kwa kila mtoto kwa wakati wake, hata kwa watoto wa uzao mmoja. Kwa hiyo chanjo ya distempa na wenzake huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto afikishe wiki 16, ikarudiwa tena baada ya mwaka, kisha kwa kawaida kila miaka mitatu. Mtoto wa sindano moja hajakingwa, ameanza tu kukingwa. Anayemuuza akiwa na wiki tano, ndani ya boksi, kwenye basi pamoja na wenzake wa mabanda mengine, anauza maiti kwa bei ya mbwa. Ningependa mamlaka za mifugo zitamke wazi kwamba hakuna mtoto wa mbwa kuuzwa kabla ya wiki nane wala bila kadi yenye stika za vichupa vya chanjo na sahihi ya daktari wa mifugo. Tunadai kibali kwa mbuzi anayepelekwa mnadani. Mbwa wa bei ya mbuzi wengi anasafiri na risiti ya basi tu.

Kuhusu chanjo ya kikohozi cha mabanda, ile inayotiwa matone puani, nasema kwa ufupi: inapunguza makali, haizuii kabisa. Mwenye kituo asiitumie kama kisingizio cha kuacha mengine.

Kuhusu biashara na chanjo hizi nimesema na watu wa mjini, wenye uwezo wa kununua chanjo. Kijijini hali ni nyingine. Huko mbwa hafungwi, hulinda boma usiku na kufuata mifugo mchana, na kumwambia mchungaji wa Meatu, karibu na Serengeti, amweke mbwa wake karantini ni kumchekesha. Lakini huko ndiko distempa ilikofanya uharibifu wake mkubwa kuliko wote unaojulikana katika ukanda wetu.

Mwanzoni mwa 1994 watalii na madereva wao katika Serengeti walianza kuona simba wakitetemeka nyuso, wakiyumba na kuanguka kwa degedege. Hadi mkasa huo unapita, takriban simba 1,000 kati ya 3,000 wa eneo lile walikuwa wamekufa au kutoweka, na ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka hadi Maasai Mara. Fisi, chui na bweha masikio nao waliguswa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1996 ulithibitisha kuwa ni distempa, na ukawaelekezea kidole mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Baadaye hadithi ilipata mikunjo. Damu ya simba iliyohifadhiwa ilionyesha kwamba virusi hivyo vilikuwa vimewahi kupita miongoni mwao kimyakimya, bila vifo vya kutisha. Watafiti walieleza mwaka 2008 kwamba kilichotofautisha 1994 ni ukame: nyati walidhoofika na kujaa kupe, simba wakawala, wakapata vimelea vya damu vya babesia kwa wingi, na distempa ilipowashusha kinga vikawamaliza. Na mwaka 2015 uchambuzi wa takwimu za miongo mitatu ulionyesha kwamba kuchanja mbwa wa vijijini kulipunguza ugonjwa kwa mbwa, lakini simba waliendelea kuambukizwa, kwa kuwa virusi vilishapata wenyeji wengine porini.

Wapo wanaoyasoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba kumchanja mbwa wa kijijini ni kazi bure. Mimi nayasoma tofauti, na sababu yangu ni ng'ombe. Sotoka, ndugu mwingine wa surua na distempa, iliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ikaangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja. Walter Plowright alipotengeneza chanjo bora huko Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi. Ndama wa nyumbu, ambao hawakuchomwa sindano hata moja, waliacha kufa kwa sotoka. Nyumbu walikuwa robo milioni hivi mwaka 1961, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita milioni moja na laki tatu. Msafara ule unaovuka Mto Mara, unaopigwa picha na dunia nzima, umesimama juu ya sindano za ng'ombe wa Wamasai na Wasukuma. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutoweka duniani. Kwa sotoka tuliwahi, kwa distempa tumechelewa kiasi, na kuchelewa si sababu ya kuacha. Mwaka 2017 huko Laikipia, Kenya, distempa ilifyeka makundi ya mbwa mwitu, wanyama ambao hata kabla ya hapo walikuwa wachache mno Afrika nzima. Simba anaweza kurudisha idadi yake. Mbwa mwitu hana akiba hiyo.

Kwa nini basi gari la chanjo hubeba sindano ya kichaa peke yake? Sababu moja ni ya kiufundi, na ni halali. Chanjo ya kichaa ni ya virusi vilivyouawa, nayo ni ngumu: utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja inayotumika sana, hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi 25 au miezi mitatu kwenye nyuzi 30, bado iliwapa mbwa kinga sawa na iliyokaa kwenye friji. Chanjo ya distempa kwa kawaida ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Inataka nyuzi 2 hadi 8 mwanzo hadi mwisho, na ikishachanganywa itumike haraka. Anayejua barabara ndefu ya kwenda Loliondo, mashariki mwa Serengeti, anajua ilivyo vigumu kuitunza baridi hiyo.

Sababu ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: kwamba distempa ya mbwa wa maskini haimhusu mtu. Hata kwa hesabu ya kichaa peke yake, sauti hiyo inakosea. Kampeni za kichaa hulenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa, kwa sababu tunajua kinga hiyo itapungua kabla ya kampeni inayofuata. Inapungua kwa nini? Si kwa chanjo kuisha nguvu. Ni kwa mbwa waliochanjwa kufa, kwa distempa miongoni mwa mengine, na nafasi zao kuchukuliwa na watoto ambao hawajaiona sindano. Kila mbwa aliyechanjwa kichaa akafa kwa distempa miezi minne baadaye ni sindano iliyozikwa naye. Tukimfanya mbwa aishi miaka mitano badala ya miwili, kampeni ya kichaa inapata nafuu bila kuongeza kichupa hata kimoja.

Kwa hiyo nani alipe? Siyo mfuko wa kichaa. Fedha zile ni za kuokoa watoto wa watu, zisiguswe. Sitaki mchungaji alipe pia, kwa kuwa faida kubwa si yake. Uingereza, mwaka 1923, waliochangia mfuko wa kutafuta chanjo ya distempa, ulioanzishwa na jarida la The Field, walikuwa watu wa kuwinda na kufuga mbwa, waliochoka kuwazika mbwa wao. Patrick Laidlaw na George Dunkin wakaipata chanjo kabla muongo haujaisha, na wanyama jamii ya kicheche waliotumika katika kazi hiyo ndio waliosaidia, mwaka 1933, kukigundua kirusi cha mafua ya binadamu. Walilipa wenye kufaidika, na dunia ikapata zaidi ya walicholipia.

Hapa kwetu anayefaidika na simba mzima ni hifadhi, hoteli iliyomo ndani yake na mgeni anayelala humo. Sindano ya pili kwa mbwa wa vijiji vya mpakani, Bunda, Tarime, Serengeti, Bariadi, Meatu na Ngorongoro, pamoja na friji inayobebeka ya kuifikisha, ni gharama ya kuendeshea hifadhi kama ilivyo doria ya ujangili. Mgeni tayari hulipa kiingilio, hulipia gari, na kila usiku anaolala ndani ya hifadhi una tozo yake. Mstari mmoja zaidi kwenye risiti hiyo, ulioandikwa "chanjo ya mbwa", hautamrudisha uwanja wa ndege mtu aliyevuka bahari kuja kumwona simba.